Mwaka Tuliochagua Matairi

"Mama, unataka gari ifike wapi?"

Kijana wa duka la matairi hapa Busia aliniuliza hivyo juzi, ameegemea rundo la matairi mapya. Halikuwa swali gumu. Muuza matairi lazima ajue kama gari lako ni la kukaa kwenye lami au la kuingia vijijini, kama linabeba watu wawili au magunia, kama unakoenda kuna mawe au tope. Nilikuwa nimejiandaa kujibu habari za saizi na ringi, na kubishana kidogo, maana mimi ni mtu wa kubishana. Asubuhi hiyo nilikuwa nimepigiwa simu kwamba Anti Perpetua amefariki, mazishi ni Jumamosi, huko nyumbani upande wa Sigalame. Mvua ilikuwa haijakatika tangu wiki ianze, na matairi ya gari langu yameisha yakawa vipara. Basi nilikuja kununua matairi, hakuna zaidi. Lakini swali lile niliwahi kulisikia nikiwa msichana, likiulizwa upande wa pili wa mpaka, na aliyelijibu alikuwa Mjomba Wandera, mume wa Anti. Nikamwomba kijana kiti. Alinileta kiti na maji, akidhani nina presha.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, naishi kwa Mjomba pale Malaba. Habari za ukoo nitaziacha. Inatosha kujua kwamba Mjomba alikuwa kaka wa mama yangu, na kwetu Wasamia mtoto wa dada anaitwa mwiwa, na mwiwa hutumwa mambo ambayo mtu hawezi kuwatuma watoto wake wa kuzaa. Nyumba yao ya kupanga ilikuwa karibu na barabara kuu, mahali malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Uganda. Geti lilikuwa halifiki chini, kwa hiyo ukikaa sebuleni mlango ukiwa wazi ulichoona nje ni matairi tu, matairi na miguu ya madereva wakipita na vikombe vya chai. Mjomba alikuwa wakala wa forodha. Maisha yake yote alikuwa amevusha mizigo ya watu wengine. Kiti chake kilitazama lile geti, na nilipofika alikuwa tayari haendi kazini, amekaa pale kutwa nzima, mguu wa kushoto umefungwa bendeji na kuinuliwa.

Alikuwa na sukari. Kiatu kipya cha ngozi kilikuwa kimemchubua kidole gumba, kidonda kikakataa kupona, kikapanda. Daktari alisema mguu ukatwe chini ya goti, na ukatwe mapema. Mjomba hakukataa. Hilo ndilo lililotuchanganya sote. Kama angekataa tungegombana naye, tungeita wachungaji, tungelia mbele yake. Yeye alimwambia daktari, "Sawa, nitarudi. Kwanza niende nyumbani nifungue nyumba yangu." Alikuwa amejenga nyumba nzuri ya matofali huko nyumbani, imeezekwa, imepakwa rangi, mlango wa bluu, ila haijaingiwa. Na kwetu nyumba mpya haifunguliwi na mtu mwingine. Mwenye nyumba huingia mwenyewe kwa miguu yake, mkewe akimfuata na moto na chungu, wanapika, wanakula, wanalala humo usiku wa kwanza. Kabla ya hapo hiyo si nyumba, ni kuta. Alitaka kuingia kwake akiwa na miguu miwili, kisha aende hospitali wamkate wanavyotaka. Nani angesema hapana?

Sasa kufika huko kulihitaji gari, na gari lilihitaji matairi. Gari lenyewe lilikuwa uani, jitu la kijani, refu, zito, la kuvuta magurudumu yote manne, alilolinunua kutoka kwa mradi mmoja wa maji uliofunga kazi. Anti alilibatiza Enjofu, yaani tembo. Injini ilikuwa nzima. Matairi yake yalikuwa ya barabarani, meno yameisha, kuta za pembeni zimepasuka nyufa. Njia ya nyumbani wakati huo ilikuwa na mambo mawili yasiyopatana: kwanza vilima vya mawe makali yanayochana tairi ubavuni, halafu bonde la udongo mweusi ambalo mvua ikinyesha halipitiki. Hakuna gari la kukodi lililokubali kuingia zaidi ya sokoni, na mguu ule usingepanda pikipiki. Kwa hiyo Mjomba akasema tutachagua matairi ya kuweza yote mawili, na uchaguzi ukaanza.

Nilidhani utachukua wiki. Mchana watu walikuwa wanakuja kumwona mgonjwa, na badala ya kuzungumza mguu, walizungumza matairi. Wa kwanza alikuwa Mzee Etyang, jirani yetu, Mteso wa kutoka Moding, dereva wa malori aliyestaafu, mtu mrefu asiyeweza kukaa kwenye kiti bila kukilalamisha. Alikuwa anaweka kofia gotini na kuanza bila hata kuulizia hali.

"Wandera, nimewaza usiku. Weka ile ya matope. Ile iko na meno kubwa kama jembe. Hiyo udongo yenu itatoka yenyewe."

"Halafu kwa lami?"

"Kwa lami italia kidogo."

"Kidogo! Etyang, ile inalia kama posho mill ya kusaga unga. Na ikinyesha inateleza kwa lami kama sabuni. Baada ya nyumbani mimi ninaenda hospitali, na huko ni lami."

"Basi weka ile ya kila mahali. Ya mawe na matope na lami, zote."

"Hiyo ndiyo nasema. Lakini ya ukuta gani? Hii gari ni nzito. Ukiweka ukuta mwembamba, hayo mawe yetu yatachana. Ukiweka nene, inaruka kama trekta, na mimi na huu mguu nitafika nikiwa nimezimia."

Wote wawili wakautazama mguu, kisha wakatazama geti. Huo ndio uliokuwa mtindo wa mazungumzo yetu mwaka mzima. Mjomba hakuwa anabuni matatizo, kila alichosema kilikuwa kweli. Tairi gumu lingemtesa na tairi laini lingetuacha njiani. Mwenzake wa kazini alikuja na karatasi za kampuni zenye picha. Dereva mmoja Mganda aliyekuwa kwenye foleni aliitwa aingie anywe chai, akaapa kwamba aina fulani haijawahi kumtupa hata kwenye njia mbovu za Karamoja. Mwenye duka hapo Malaba alituazima tairi moja tuliangalie tukiwa tumetulia, na hilo tairi likaingia sebuleni kati ya meza na redio, likakaa. Mjomba alikuwa anaupumzisha mguu juu yake, mto ukiwa katikati. Anti akaweka kitambaa cha kufuma juu ya ule mto, kwa hasira.

"Nyumba yangu imekuwa gereji," alikuwa ananiambia jikoni, akisonga ugali wa mtama na muhogo ambao Mjomba alikuwa ameambiwa ale kiganja kimoja tu. "Bibi za watu wanaweka maua sebuleni. Mimi nimewekewa tairi."

Alisema kwa mzaha, na nilicheka, lakini mikono yake haikucheka. Jiko lile lilikuwa dogo, limegawanywa na chumba chao kwa mbao nyembamba, na ndiko nilikojifunza yote niliyojua. Kila asubuhi alimsafisha kidonda kwa maji ya chumvi huku mimi nikichambua omena upande wa pili. Nilisikia maji yakichuruzika kwenye beseni. Nilisikia Mjomba akivuta pumzi kwa meno. Harufu ilikuwa inapita kwenye mbao, na nikawa nachoma vitunguu mapema bila sababu. Siku moja nikamsikia Anti akisema, kwa sauti ya chini sana, akimwita kwa jina la mtoto wao, "Wakate. Baba Oduori, wakate tu, nibaki na wewe. Nitakubeba mimi." Nilisikia Mjomba akisogeza beseni. Kisha akasema, "Nitakatwa. Nimesema nitakatwa. Hebu kwanza tupate matairi mazuri."

Niliujua mguu ule kwa sauti na kwa harufu kabla ya kuuona. Siku niliyouona, Anti alikuwa ameenda sokoni na bendeji ilikuwa imelowa, Mjomba akaniita. Vidole vitatu vilikuwa vyeusi. Nilifunga bendeji mpya, na yeye, ili nisiangalie sana, akanisomesha namba za ubavuni mwa tairi: hii ni upana, hii ni urefu wa ukuta, hii inaeleza tairi linaweza kubeba uzito gani. Alikuwa mwalimu mzuri. Nilirudia namba zile kama mtoto wa shule, nikafunga fundo, nikaenda kunawa mikono nyuma ya nyumba. Huko nililia. Nilijiona bure kabisa. Nilikuwa na cheti cha chuo, nilikuwa na leseni mpya ya kuendesha, na mtu niliyempenda kuliko wote alikuwa anaoza taratibu mbele yangu huku tukijadili meno ya tairi.

Siku hizi watu wananishangaa nisivyovumilia washauri. Mtu akiniuguza na kuniletea habari ya dawa kumi, namwambia achague moja au aondoke. Nilianza kuwa hivyo Malaba. Siku moja nilimsindikiza Mzee Etyang hadi getini, nikamwambia, nikijaribu kuficha hasira, "Mzee, hizo habari za matairi mnazileta kila siku, hamwoni zinamchelewesha?" Alivaa kofia akaivua tena.

"Binti, wewe unadhani mimi sijui? Yule haogopi matope. Anaogopa msumeno."

"Basi mwambie."

"Nimwambie nini? Mgonjwa, mtu mkubwa, mtu wa heshima, nimwambie wewe ni mwoga? Nikija na mikono mitupu nitamwangalia mguu. Nikija na habari ya tairi, anafurahi. Uliona vile amefurahi leo?"

Nilikuwa nimeona. Aliondoka akipita kando ya malori, na niligundua anagusa kila tairi kwa kiganja anapolipita, akilichunguza, akitafuta cha kuja kusema kesho. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakukuwa na mtu wa kumlaumu, na nilitamani sana awepo. Sote tulijua. Kwetu humwambii mtu mzima aliye mgonjwa neno la kumvua nguo. Unamletea kitu. Wengine walikuwa wanamletea maembe ambayo haruhusiwi kula, na Etyang akamletea matairi. Na kila tairi jipya lililoletwa kwenye mazungumzo lilikuwa linampa Mjomba siku nyingine ya kukaa na mguu wake.

Mvua za masika zilianza. Homa nayo ikaanza, inakuja jioni na kuondoka. Asubuhi moja nilikuwa nafagia uani nikamwona Anti akitoka sebuleni ameinama, analisukuma lile tairi la kuazimwa mbele yake. Kitambaa cha kufuma kilikuwa bado kimening'inia. Alilibiringisha hadi getini, akafungua, akalitoa nje kabisa, likaenda likalala kando ya foleni. Madereva wakashangilia. Alirudi ndani akiwa anahema, akasimama mbele ya Mjomba, mguu sasa umewekwa chini kwenye sakafu.

"Leo tunanunua," alisema. "Ile ya kwanza tutaona, tunanunua. Kama sivyo, mimi naenda hospitali niwaambie wakuje na huo msumeno hapa hapa."

Mjomba alimtazama. Nilisubiri aanze habari ya ukuta mwembamba na ukuta nene. Badala yake alisema, kwa upole, "Sawa, mama. Lakini tununue Uganda."

Si kwa sababu ya bei tu. Mtu wa mpakani ana mazoea yake: kitu ukikibeba ni mzigo, ukikivaa ni chako. Wamama wanavuka na vitenge vitatu vimefungwa kiunoni kimoja juu ya kingine, wanafunzi wanavuka na viatu vipya miguuni na vya zamani wameviacha kwa fundi. Matairi ni vilevile. Unaenda na vipara, unafungiwa mapya huko huko, unarudi umeyavaa. Mjomba, aliyekuwa ameandikia watu karatasi za forodha tangu ujana, alikuwa hajawahi kufanya hivyo hata mara moja, na wazo lenyewe lilimpa nguvu. Etyang akajaza upepo kwenye vile vipara. Tukapakia godoro, chungu, mafiga matatu ya Anti, na kuku mmoja. Mimi nikashika usukani wa Enjofu kwa sababu hakukuwa na mwingine nyumbani anayeendesha, nikaliendesha polepole hadi Busia, njiani kwenda nyumbani, tukavuka.

Muuzaji alikuwa mtu mnene wa kanzu, kila mtu akimwita Hajji. Alikuja hadi dirishani, akalitazama gari, akampa Mjomba mkono.

"Karibu, ssebo. Gari kubwa hii. Unataka ifike wapi?"

"Nyumbani. Sigalame."

"Sigalame stejini, ama ndani?"

"Ndani," Mjomba akasema. "Mpaka mlangoni."

Hajji aliuona mguu. Nilimwona akiuona. Midomo ilikuwa tayari imefunguka kusifia bidhaa, ikafumba. Hakutuonyesha aina tano wala hakuanza kupatana. Aliingia ndani mwenyewe akarudi akibiringisha tairi moja la kila mahali, la ukuta nene, meno yake makubwa lakini si ya kutisha. "Hii," alisema. "Kwa mawe acha upepo ijae. Ukifika kwa udongo, punguza upepo kidogo, itashika, na mzee hataumia sana." Akanipa mimi kipima upepo chake, akasema nitamrudishia siku yoyote. Ilichukua dakika chache. Mwaka mzima wa mabishano, na mtu mmoja tu ndiye aliyeuliza safari inaishia wapi. Walipokuwa wanafunga la mwisho, Mjomba aliomba asogezewe, akapitisha vidole juu ya vile vinywele vidogo vya mpira ambavyo tairi jipya huwa navyo. Alikuwa anatabasamu. "Anti yako aone," aliniambia. "Hii ndiyo tairi." Anti alikuwa amekaa nyuma na kuku mapajani, analia kimya kimya, na alisema ameona.

Kwenye kurudi, ofisa wa mpaka aliyemfahamu Mjomba aliinama akaangalia magurudumu. "Mzee, naona viatu vipya."

"Nimevaa tu," Mjomba akamjibu, na wakacheka wote wawili, na kizuizi kikainuliwa.

Sijawahi kuendesha tena namna ile. Kwenye vilima mawe yaligonga chini na pembeni, na kila pigo Mjomba alifumba macho, lakini hakuna tairi lililochanika. Tulipofika ukingoni mwa bonde nilishuka nikapunguza upepo kama nilivyoelekezwa. Mbele yetu lori la mchanga lilikuwa limezama hadi ekseli, watu wake wamekaa juu wakitusubiri tuzame pia. Niliingia. Usukani ulikuwa unazunguka bila maana, gari likienda upande, na mimi nilikuwa nalia kwa sauti bila aibu. "Usikanyage breki," Mjomba alikuwa anasema. "Mwiwa, usikanyage breki. Taratibu. Iache itafune." Na likatafuna. Nilisikia meno yakishika chini kabisa, likanyooka, likapanda. Watu wa lori walipiga makofi. Mjomba alipiga dashibodi kwa kiganja akipaza sauti, "Enjofu! Enjofu!" Alikuwa hajawahi kuwa na furaha kama hiyo mbele yangu, na mimi nilifurahi naye, nikasahau kabisa tunakwenda kufanya nini.

Boma lote lilikuwa limetoka. Vigelegele vilianza tukiwa bado njiani. Niliingiza gari getini, nikapita kando ya majiko ya shemeji zake, nikapita ua wote, nikalisimamisha pale alipoonyesha kwa kidole: mbele ya mlango wa bluu, hatua chache tu, mdomo wa gari karibu uguse nguzo ya baraza. Kaka yake mkubwa, Mzee Barasa, alikuwa amesimama kando ya mlango na fimbo. Anti alishuka, akapewa makaa ya moto kwenye kigae kutoka jiko la mama mkwe wake, akajifunga leso, akasimama nyuma ya mlango wa gari akisubiri mumewe atangulie. Nilifungua mlango.

Mjomba alishusha mguu wa kulia, ukasimama. Akashusha wa kushoto. Ulikunjika kama hauna mfupa. Alishika mlango wa gari, akajivuta, akajaribu tena, jasho likimtoka. Ulikunjika tena. Vijana wawili wakaruka kumdaka.

"Msimguse!" Mzee Barasa akasema, fimbo imeinuka. Kisha sauti ikamshuka. "Mkimwingiza kwa mikono mara ya kwanza, mnajua mnamwingiza kama nani."

Walijua. Anayebebwa kuingia nyumba ambayo hajawahi kulala ni maiti. Wale vijana walirudi nyuma, mikono yao bado imenyooka mbele.

"Shemeji," Anti akasema, moto mkononi, "ni mguu tu. Ni mguu tu unauma."

"Najua, mama Oduori. Unadhani sijui?" Mzee Barasa alikuwa analia, na hakujifuta.

Nikauliza kama hawezi kutambaa. Alinijibu Mjomba mwenyewe, amekaa sasa kwenye ukingo wa kiti cha gari, miguu yote miwili inaning'inia juu ya tope. "Nimejenga miaka mingapi, mwiwa? Sitaingia kwangu kwa magoti." Aliutazama mlango wa bluu. Tulisimama hivyo, watu wa boma zima, na kila mtu alikuwa na nguvu za kumbeba, na hakuna aliyeweza kufanya lolote. Makaa ya Anti yalififia kwenye kigae hadi yakawa majivu, akaendelea kukishika.

Walilala ndani ya gari, yeye na Anti, viti vimelazwa, godoro likiwa nyuma halijafunguliwa. Kuku alipikwa kwenye jiko jingine. Alfajiri homa ilikuwa imempanda hata hatambui mtu, na nikaliendesha gari kurudi bondeni, juu ya nyayo zetu wenyewe, hadi hospitali. Huko walisema sumu imeingia kwenye damu na kukata hakutasaidia. Alikaa siku chache. Mzee Etyang alikuja, akasimama mwisho wa kitanda na kofia mkononi, akaanza, "Wandera, matairi nimesikia yalikuwa..." na hakuweza kumaliza. Mjomba alizikwa na miguu yake miwili. Siku ya kumleta nyumbani pikapu ya jeneza ilikwama kwenye udongo, wanaume wakalibeba mabegani bonde zima, wakaingia nalo kwenye mlango wa bluu. Alilala humo usiku mmoja. Wazee walikaa wakazungumza, wakasema imetosha, mwenye nyumba amelala, mjane anaweza kuwasha moto.

Anti aliishi humo mpaka juzi. Mvua zilipokatika mwaka ule, udongo mweusi ulikauka ukawa mgumu kama simenti, na nyayo za matairi zikabaki pale mbele ya baraza, kila jino limechorwa, zinakuja moja kwa moja na kukomea hatua chache kabla ya mlango. Nilichukua jembe nizisawazishe, nikidhani namsaidia. Anti alinizuia mkono. "Wacha," alisema. "Hapo ndipo alifika." Alikuwa anafagia ua kwa kuzizunguka, mpaka masika mengine yalipokuja kuzifuta yenyewe.

Niliinuka kwenye kiti cha yule kijana wa matairi, nikamrudishia gilasi yake. Alikuwa bado anasubiri, mvumilivu, mkono juu ya tairi la kila mahali la ukuta nene.

"Mama, hujaniambia. Ifike wapi?"

"Ifike getini," nikamwambia. "Kutoka hapo mpaka mlangoni nitatembea."